Nyanya Zimelala, Magugu Yamesimama: Chanzo Kiko Wapi na Ufanye Nini

Masika yakishakolea hapa Morogoro, malalamiko yanayofika kibarazani kwangu ni yale yale. Nyanya zilizokuwa zimesimama jana, leo zimelala. Shina limepasuka. Ndago imetoka upya, na palizi haina hata siku 10. Nimekuwa nikiyaandika kwenye daftari msimu hadi msimu, na hapa nimeyapanga kwa dalili, yaani kwa kile mtu anachokiona akiingia bustanini asubuhi. Kila dalili inaanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi na kuishia na kile cha nadra. Fuata mpangilio huo huo: angalia, tikisa, gusa kwanza, kabla hujachimba na kabla hujanunua dawa yoyote.

Nyanya kuanguka na magugu kutawala watu huyaona kama mashauri mawili. Mimi nayaona kama shauri moja. Mmea uliolala hufunika ardhi, na chini yake mkono haupiti wala jembe halipiti, kwa hiyo magugu yanakulia humo kwa raha. Magugu yakishasongamana, unyevu haukauki, majani ya chini yanaoza na shina linalegea. Aliyesimikia nyanya zake mapema ana nafasi ya kupiga magoti na kung'oa. Aliyechelewa amekosa vyote viwili.

Kwanza, ijue nyanya uliyopanda

Tanya, Cal J, Roma na Rio Grande ni aina fupi. Hufika urefu wake zikaacha, na matunda huja kwa mkupuo. Moneymaker na Anna F1 ni aina ndefu. Hizi hazina mahali pa kukoma, zinapita mita 2 maadamu zina chakula na maji. Robo ya matatizo niliyoyaandika yalitokana na mtu kuipa aina ndefu ufito wa mita 1. Soma pakiti ya mbegu. Kama mbegu umepewa na jirani na hakuna pakiti, tazama ncha ya shina: ikiwa imeishia kwenye kikonyo cha maua na haiendelei, hiyo ni fupi.

Aina fupi inatosheka na ufito unaobaki mita 1 juu ya ardhi. Aina ndefu inataka mita 1.5 hadi 2 juu, na nusu mita nyingine chini.

"Ufito na mmea vimelala pamoja"

Kamata ufito mwingine ambao bado umesimama, utikise kwa mkono mmoja. Ukicheza, umeshapata jibu: haukuzama vya kutosha. Hiki ndicho chanzo kinachoongoza. Watu husimika wakati udongo ni mkavu na mgumu, ufito ukiingia sentimita 20 unaonekana imara kabisa. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, udongo unakuwa uji, na mmea uliobeba kilo tatu au nne za matunda unauvuta ufito hadi chini. Toboa kwanza kwa mtaimbo, ingiza ufito nusu mita, kisha shindilia udongo pembeni kwa kisigino. Ukikwama kwenye mwamba, usipungue sentimita 40.

Kwenye udongo wa kichanga, kama bustani nyingi za Dar es Salaam na Bagamoyo, hata nusu mita haitoshi kwa ufito unaojitegemea. Huko simika fito tatu kwa kuzunguka, zifunge pamoja juu kama kibanda, au panga nyanya kwa mstari na utumie nguzo nene mwanzoni na mwishoni zenye mhimili wa kuegemea.

Chanzo cha pili ni mchwa. Ng'oa ufito ulioanguka na utazame sehemu iliyokuwa ardhini. Ikiwa imebaki ganda lenye udongo ndani, hapo hakuna la kujadili. Kuchoma ncha ya ufito motoni mpaka iwe nyeusi huchelewesha mchwa lakini hakuwazuii moja kwa moja, kwa hiyo tikisa kila ufito mara moja kwa wiki. Mwanzi uliokomaa na kukauka vizuri hudumu kuliko mwanzi mbichi, na kipande cha nondo kilichobaki kwenye ujenzi hudumu kuliko vyote. Ukiona njia za udongo za mchwa zinapanda kwenye ufito, zifute na usogeze matandazo makavu mbali na hapo.

Cha tatu, kwa wachache: mabua ya mahindi au mtama yaliyotumika kama fito. Yanafaa kwa mwezi mmoja, matunda yakishajaa yanajikunja.

Kuna na kinyume chake. Ufito wa mti mbichi unaweza kuchipua. Huu hauanguki, ila unashindania maji na nyanya na baadaye kuitia kivuli. Bandua magome kabla ya kusimika, au kausha fito zako wiki kadhaa juani.

Sasa, namna ya kuinua mmea ulioanguka. Usiuvute kwa haraka. Subiri maji yapungue kidogo, muwe wawili: mmoja ainue taratibu, mwingine asimike na kufunga. Ufito mpya usipite karibu na shina, maana mizizi imeshatanda pale chini na utaikata. Kwa mmea mkubwa ni afadhali fito mbili, moja kila upande, sentimita 25 kutoka kwenye shina, zenye kamba kati yake mmea uegemee. Na kama mmea umelala siku nyingi hadi ncha imeshapinda kuelekea juu, usiulazimishe kunyooka. Acha sehemu iliyolala ilale, ifukie kwa udongo mzuri kidogo, funga ile inayopanda. Shina la nyanya likiguswa na udongo wenye unyevu hutoa mizizi, na mmea huo mara nyingi huendelea kuzaa vizuri.

"Ufito umesimama, mmea umeteleza"

Hesabu mafundo. Ukikuta fundo moja au mawili kwenye mmea wa mita 1, usitafute zaidi. Mmea unatakiwa kufungwa kila unapoongezeka sentimita 20 hadi 25, na katika wiki za kukua kwa kasi hiyo ni kama kila wiki.

Kisha tazama kamba yenyewe. Nailoni inateleza kwenye mwanzi laini, na ikivutwa na uzito inakata ngozi ya shina. Kamba ya katani, utepe wa khanga iliyochakaa au nyuzi za mgomba zilizolowekwa hushika vizuri na haziumizi. Fundo liwe la mtindo wa namba 8: kaza kwenye ufito, pishanisha kamba katikati, halafu zungusha shina kwa ulegevu unaoruhusu kidole kupita. Pitisha kamba chini ya jani, usiifunge chini ya kichala cha matunda, kwa sababu kichala kikijaa kitavunjikia pale.

Waya wa kufungia nondo usiutumie kabisa. Mwaka wangu wa kwanza niliutumia kwa sababu ulikuwepo nyumbani. Mashina yalinenepa, waya haukunenepa, na wiki matunda yalipoanza kubadilika rangi mimea ilianza kukatika mmoja baada ya mwingine pale pale kwenye fundo. Iliniuma, kwa kuwa mimea ile haikuwa na ugonjwa wowote.

Kama mafundo yapo na kamba ni nzuri, basi mmea una mzigo kuliko egemeo. Tazama machipukizi ya kwapani, yale yanayotoka kati ya jani na shina. Kwa aina ndefu bakisha shina moja au mawili, mengine yatoe yakiwa bado na urefu wa kidole, kwa kuyakunja pembeni kwa vidole bila kisu. Fanya kazi hiyo asubuhi majani yakiwa yamekauka umande, kwa kuwa maji husambaza magonjwa kutoka mmea hadi mmea. Osha mikono kwa sabuni kwanza, hasa kama unavuta sigara: tumbaku inaweza kubeba virusi vya batobato vinavyoingia kwenye nyanya kupitia kidonda. Aina fupi usizipogolee hivyo. Ziondolee tu machipukizi yaliyo chini ya kichala cha kwanza cha maua, vinginevyo unatupa mavuno.

Cha mwisho ni mmea laini kupita kiasi: mrefu, kijani kilichokolea, majani mengi, maua haba. Ama umeweka urea nyingi, ama kuna kivuli. Nyanya inataka jua la moja kwa moja saa 6 hadi 8 kwa siku. Mwembe wa jirani hautahama, kwa hiyo msimu ujao hamisha nyanya.

Kwa mwenye mimea zaidi ya 20, ningeshauri aachane na ufito kwa kila mche na asuke kamba. Simika nguzo kila baada ya miche miwili au mitatu, pitisha kamba kutoka nguzo hadi nguzo upande huu wa miche, rudi upande wa pili, ili mashina yabaki katikati kama yamebanwa na viganja viwili. Ongeza mstari mwingine kila sentimita 20 hadi 25. Fito zinapungua, na ardhi ya pande zote mbili inabaki wazi kwa palizi.

"Shina limevunjika"

Likiwa limepasuka lakini bado limeshikana, lirudishe mahali pake, lizungushie utepe wa kitambaa safi pamoja na kijiti kama fundi wa mifupa anavyofunga gango, kisha funga mmea kwenye ufito juu na chini ya jeraha. Punguza matunda yaliyo juu yake. Baada ya siku tatu nne utajua: ncha ikiwa imesimama, limepona.

Likiwa limekatika kabisa, usilitupe. Chukua sentimita 20 za ncha yenye afya, ondoa maua na majani ya chini, uzike nusu yake kwenye udongo wenye unyevu kivulini. Ndani ya wiki mbili hivi itakuwa na mizizi. Kisiki nacho kitatoa chipukizi, chagua moja lenye nguvu liwe shina jipya.

Miche michanga ikikutwa asubuhi imekatwa sawasawa na ardhi, hapo si upepo. Fukua udongo pembeni kwa kidole: utamkuta sota amejikunja, kiwavi mnene wa kijivu. Muue, halafu wavalishe miche iliyobaki pete ya karatasi ngumu iliyozama sentimita 2 ardhini.

"Jana mzima, leo umenyauka"

Hapa ndipo watu hukosea kwa hasara kubwa, kwa sababu wanamwaga maji, na maji si jibu la kila mnyauko.

Anza na swali hili: lini ulipalilia? Mizizi mingi ya nyanya iko kwenye sentimita 30 za juu. Jembe likipita kwa nguvu karibu na shina, mmea unanyauka mchana ule ule. Ukinyauka saa sita na kusimama tena jioni, umekatwa mizizi au una kiu. Mwagilia, weka matandazo, upe siku chache. Kuanzia hapo, ndani ya shibiri moja kutoka kwenye shina, palizi iwe ya mkono tu.

Pili, chimba kidogo uone kama maji yametuama. Mzizi uliozama majini hukosa hewa, na mmea unanyauka ukiwa umelowa. Chimba mfereji.

Tatu, kagua shina pale linapoingia ardhini. Mchwa hutafuna ngozi kwa kuzunguka. Ukimkuta, fukia shina kwa udongo wenye unyevu juu ya jeraha, huenda likatoa mizizi mipya.

Ikiwa si hayo, na mmea umenyauka ukiwa bado kijani bila kusimama tena jioni, fanya kipimo cha glasi. Kata kipande cha shina cha karibu na ardhi, urefu wa kidole, kisha kishike wima ndani ya glasi ya maji safi, ncha moja ikiwa imezama. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria.

Simama hapo. Usiendelee kupogolea, kufunga wala kupalilia mimea mingine kwa mikono na zana zile zile. Hakuna dawa ya kuuponya mmea huo. Ng'oa na mizizi yake, pamoja na udongo ulioshikana nayo, choma moto, na usiutupe kwenye shimo la mboji. Maji ya umwagiliaji yasipite pale kwenda kwa mingine. Jembe na viatu vioshwe. Mwite afisa ugani wa kata yako. Kama uko karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hapa Morogoro au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tengeru kule Arumeru, uliza kuhusu aina zinazostahimili ugonjwa huu. Vimelea hivi hukaa ardhini miaka, kwa hiyo eneo hilo panda mahindi au vitunguu. Usipande viazi mviringo, bilinganya, ngogwe wala pilipili, kwani ni ndugu wa nyanya na zinaugua pamoja nayo. Hata mnavu unaojiotea uung'oe.

Kama majani ya chini yalianza kuwa njano, pengine upande mmoja tu wa mmea, na ukipasua shina unaona michirizi ya kahawia ndani, fikiria mnyauko fusari, ugonjwa wa kuvu wa ardhini. Na kama mmea umedumaa na mizizi ina manundu, ni minyoo fundo. Yote mawili yanataka kubadilisha zao na kutafuta mbegu sugu msimu ujao. Hakuna fito wala palizi itakayouokoa mmea huo sasa.

"Nimepalilia, wiki haijaisha yamerudi"

Swali langu la kwanza huwa: ulichelewa? Nyanya huumizwa zaidi na magugu katika wiki 6 hivi za mwanzo baada ya kuhamishiwa shambani. Palizi ya kwanza ikifanywa wiki ya pili, magugu yakiwa na majani mawili matatu, ni kazi ya dakika kumi kwa tuta zima. Ikifanywa wiki ya sita unang'oa mizizi iliyosukana na ya nyanya, na magugu yameshadondosha mbegu.

Sababu inayofuata ni saa ya kupalilia. Ukipalilia jioni au mvua ikiwa inakuja, magugu uliyoyang'oa yanashika tena. Palilia asubuhi ya siku ya jua, udongo ukiwa na unyevu kidogo, na jembe lipite juu juu tu. Kuchimba chini kunaleta juani mbegu zilizokuwa zimelala.

Halafu samadi. Samadi mbichi ya ng'ombe ni mfuko wa mbegu za magugu. Iache ioze miezi mitatu au zaidi huku ukiigeuza ili ipate moto wa ndani, kwani lundo lisilopata moto haliui mbegu. Ikiwa umeshaiweka, matandazo yatakusaidia: nyasi kavu zisizo na mbegu, majani ya migomba au mabua ya mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Wekea baada ya palizi na mvua, si kabla, vinginevyo unayafunika magugu hai na udongo mkavu. Na nyanya iwe imeshafungwa, ili majani ya chini yasilalie matandazo.

Kama umefanya yote haya na bado yanarudi, basi tazama ni gugu gani.

*Ndago* ndiyo inayowatoa watu machozi. Jani lake linang'aa, shina lina pembe tatu, na chini kuna viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga. Ukikata juu kwa jembe, kila kiazi kinachobaki kinachipua, na ukikatakata mnyororo wa viazi umezidisha miche. Plastiki nyeusi nayo inatobolewa na ncha zake. Ninachokiona kinafanya kazi ni uvumilivu wa kupanga: chimbua kwa uma wa bustani, siyo jembe, udongo ukiwa na unyevu, toa viazi vyote unavyoviona na uvianike juu ya bati mpaka vikauke kabisa. Kisha ng'oa kila chipukizi kila baada ya wiki mbili bila kuruka, ili kiazi kiishiwe akiba kabla ya kutengeneza vingine. Ndago haipendi kivuli, kwa hiyo eneo lililoshindikana lipumzishe nyanya, panda viazi vitamu vifunike ardhi msimu mzima.

*Kongwe*, lile lenye kiua cha buluu na shina la majimaji, hutoa mizizi kwenye kila fundo na hukaa hai siku nyingi baada ya kung'olewa. Isitoshe hutengeneza mbegu hata chini ya ardhi. Usiliache kati ya matuta. Libebe nje, walishe mbuzi.

*Sangari* hutambaa kwa mashina ya chini ya ardhi na kwa kawaida inatokea nje ya bustani, kwenye uzio au kibarazani. Ukitoa ya ndani tu ni bure. Chimba mfereji wa sentimita 20 kuzunguka bustani na ukate inayovuka kila mwezi.

Msimu ujao, jaribu hili kabla ya kupanda: tengeneza tuta, limwagilie kama vile lina miche, subiri wiki mbili magugu yaote, kisha yakwangue juu juu bila kuchimba. Hapo ndipo upande. Nimeona tuta lililofanyiwa hivyo na lingine lisilofanyiwa, yako bega kwa bega, na tofauti ilionekana ukiwa barabarani.

"Majani yamejikunja baada ya kupiga dawa ya magugu"

Nyanya ni mwepesi mno kuumia kwa viuagugu, hasa 2,4-D inayopigwa kwenye mahindi. Ukiona majani yamekuwa membamba kama nyuzi na shina limejisokota, na mimea ya upande mmoja imeathirika kwa wakati mmoja, uliza nani kapiga dawa upande ule. Ikiwa si jirani, basi bomba: dawa ya jana ilibaki ndani, leo umepulizia nyanya. Bomba la viuagugu liwe la viuagugu tu, kusuuza mara moja hakutoshi. Na nyasi zilizopigwa dawa zisitumike kama matandazo.

Kama mimea iliyoathirika imetawanyika huku na kule, majani yamejikunja juu kama kikombe, ni madogo na ya njano pembezoni, geuza jani uone nzi weupe. Hicho ni kirusi, dawa ya magugu haihusiki. Ng'oa mmea, dhibiti nzi weupe.

Kwa bustani ya nyuma ya nyumba, ushauri wangu ni kuacha viuagugu kabisa. Watoto wanapita pale, kuku wanapita, mboga unachuma jioni. Ukilazimika, nunua kilichosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, kwenye chombo chake chenye lebo, kamwe si kwenye chupa ya soda. Kiuagugu kiitwacho parakwati hakina dawa ya kuondoa sumu yake mwilini, na funda moja linaweza kuua. Mtu akimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali pamoja na chombo cha dawa. Ikimmwagikia, vua nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke.

"Matunda yanaoza au yana mabaka"

Kwa haraka. Lililogusa ardhi na kuoza lilipogusa: funga kichala juu, weka matandazo. Lenye doa jeusi lililobonyea kitakoni ilhali linaning'inia hewani: hiyo ni kuoza kitako, inatokana na maji ya leo mengi kesho hakuna, mzizi ukashindwa kufikisha kalsiamu. Mwagilia kwa kipimo kimoja. Lenye baka jeupe kama karatasi upande wa jua: umepogolea mno, majani ya kulifunika hayapo. Lenye tundu dogo na mifereji kwenye majani: huyo ni kanitangaze, kiwavi mdogo anayetoboa nyanya, na anahitaji ushauri wa afisa ugani mapema kwa kuwa amezoea dawa nyingi.

Gugu karoti

Nimeliweka peke yake makusudi. Limeenea Arusha na mikoa jirani, nalo hufuata magari, mifugo na mbegu. Majani yake yanafanana na ya karoti, maua ni meupe madogo kama punje. Usiling'oe kwa mikono mitupu. Ngozi inawasha na kutoka vipele, na chavua yake huamsha pumu. Vaa glavu, mikono mirefu na kitambaa puani, ling'oe kabla halijatoa maua, maana mmea mmoja unatoa maelfu ya mbegu. Ukianza kubanwa kifua, acha kazi na uende kituo cha afya. Likiwa limejaa eneo zima, toa taarifa kwa afisa ugani.

Msimu ukiisha

Ng'oa fito ardhini siku ile unayong'oa nyanya. Kwangua udongo, zioshe kwa sabuni, zianike juani siku kadhaa, zihifadhi pakavu zikiwa zimesimama. Zile zilizotoka kwenye tuta lenye mnyauko bakteria zichome, hata kama ni mianzi mizuri. Kamba za khanga nazo zichome, msimu ujao utachana nyingine.